Nyapara Aliyepigwa

Neno la msingi: Kutoka 5:6-19, Hesabu 11:16-25

Leo naanza na ushuhuda ambao sijawahi kuutoa hapa madhabahuni, na nikimaliza huenda wengine wenu msinipende. Ni sawa.

Mnajua nilikaa Marekani miaka sita kabla ya Bwana kuniita kwenye huduma. Kazi niliyofanya huko sijawahi kuwaambia. Nyumbani watu walidhani niko ofisini kwa sababu nilikuwa natuma picha nikiwa na beji shingoni, na mimi sikuwasahihisha. Nilikuwa godauni. Kampuni ilikuwa kubwa, ya kuuza vitu kwa mtandao, na jina lake halina kazi kwenye mahubiri haya. Mtu ameketi kwake kitandani anabonyeza simu, anataka viatu, sufuria, chakula cha mbwa, na huko godauni kuna binadamu anatembea kati ya rafu akivitafuta. (Na ninyi mnaoagiza vitu kwa simu hata Neno likiendelea, nawaona.)

Shifti yangu ilikuwa ya usiku, saa kumi. Unapewa skana ya mkononi. Inakuambia nenda rafu fulani, chukua hiki, kiskani, weka kwenye kigari, nenda rafu nyingine. Kwetu hesabu ilikuwa vitu 90 kwa saa. Ukisimama, skana inajua. Choo kilikuwa mbali, mwisho wa jengo, na dakika za kwenda na kurudi zinaingia kwenye hesabu yako kama dakika za uvivu. Novemba na Desemba, msimu wa Krismasi, hakuna kukataa ovataimu. Nimewahi kulala ndani ya gari pale pakingi kwa sababu miguu ilikataa kukanyaga breki.

Lakini nisiwe muongo. Mshahara uliingia siku yake, bila kuuliza. Bima ya matibabu ilikuwepo. Ile nyumba ya mamangu mnayoipita mkienda sokoni ilijengwa na hiyo skana. Kwa hivyo kijana akiniambia amepata kazi kama hiyo, simwambii asiende. Namwambia avae viatu vizuri.

Shida yangu ilianza nilipopandishwa cheo.

Fungua Kutoka sura ya 5. Musa ameenda kwa Farao kuomba ruhusa, na Farao amekasirika. Anaamuru watu wasipewe tena majani ya kufyatulia matofali, wajitafutie wenyewe, na idadi ya matofali isipungue hata moja. Hapo wengi wetu tumehubiriwa juu ya Farao. Mimi naomba uangalie watu wa katikati. Kuna wasimamizi, hao ni Wamisri. Chini yao kuna wanyapara, na hao ni Waisraeli. Farao hakuwa mjinga. Alijua kwamba Mwebrania atahesabiwa vizuri zaidi na Mwebrania mwenzake, anayejua lugha yake na visingizio vyake vyote.

Nami niliwekwa hapo. Nikapewa fulana ya rangi nyingine na kompyuta ndogo. Kwenye kioo kuna majina ya watu wangu thelathini na kitu, kijani kwa anayefikisha hesabu, nyekundu kwa anayebaki nyuma. Wengi walikuwa Waafrika, ndiyo maana nilichaguliwa. Na mimi nilikuwa na rangi yangu mahali, kwenye kioo cha mtu mwingine.

Kulikuwa na mama mmoja Mkenya, umri wa kunizaa. Tulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha shule ya msingi huku kabla ya kuwafuata watoto wake. Aliniletea chapati kwenye foili, na Jumapili tulikuwa kanisa moja, mimi nikiongoza sifa, yeye kiti cha pili. Mwalimu alikuwa na kisukari. Mtu wa kisukari huenda choo mara nyingi, hilo halihitaji daktari.

Usiku mmoja wa Desemba jina lake likawa jekundu. Dakika 27. Nikaletewa fomu ya onyo nimjazie. Kwenye fomu hiyo kulikuwa na mstari wa sababu. Sababu nilikuwa naijua. Lakini bosi wangu alikuwa ameniambia wiki hiyo hiyo kwamba timu yangu ina sababu nyingi kuliko timu zingine. Nikaandika: hakuna sababu.

Nikampelekea atie sahihi. Aliisoma yote, kama mwalimu anavyosoma. Kisha akaniambia, "Sawa, mwanangu. Andika walivyotaka, nisije nikakuharibia kazi." Akatia sahihi, akarudi kwa kigari chake.

Lilikuwa onyo lake la tatu. Wiki iliyofuata beji yake ilikataa kufungua mlango. Nilimwona kupitia kioo akijaribu mara mbili, mara tatu, na bakuli la chakula mkononi. Jumapili nikaongoza sifa kama kawaida, na watu wakasema upako ulikuwa mzito.

Sasa angalia mstari wa 14. Hesabu ya matofali haikutimia, na aliyepigwa ni nani? Wanyapara. Jiulize kwa nini. Kama wangetaka, wangeipitisha fimbo kwa aliye chini yao, maana ndiyo kazi waliyowekewa. Na mstari wa 15 wanaenda wenyewe kwa Farao kulalamika kwamba majani hayatolewi. Waliandika sababu kwenye ule mstari wa sababu! Baadaye walimlaumu Musa, ni kweli, walikuwa binadamu. Lakini mgongo ulioumia ulikuwa wao.

Twende Hesabu 11. Mungu anamwambia Musa akusanye wazee sabini, na sisi Wapentekoste tunaipenda sura hii kwa sababu Roho aliyekuwa juu ya Musa anawekwa juu yao na wanatabiri. Lakini tunasoma haraka. Mungu anataka wazee ambao pia ni viongozi wa watu, na neno la Kiebrania linalotumika hapo ni lile lile la wanyapara wa Kutoka 5. Kwenye Kiswahili hulioni, kwa sababu wafasiri walitumia neno lingine. Walimu wa Kiyahudi wa zamani waliliona. Walifundisha kwamba hao sabini ndio wale wale waliopigwa Misri kwa ajili ya ndugu zao, na kwamba Roho aliwashukia kwa sababu hiyo. Siku niliposoma hivyo nilifunga kitabu nikatoka nje.

Kwa sababu nilikuwa najua pia habari ya Shakopee. Hiyo ni Minnesota, ghala la Amazon, na iliandikwa kwenye magazeti. Desemba 2018 wafanyakazi wa huko, wengi wao Wasomali, walitoka kuandamana kwenye baridi. Walitaka kasi ya kazi ipunguzwe na wapate kuswali bila kuadhibiwa kwa dakika hizo. Julai 2019 wakagoma tena, siku yenyewe ya mauzo makubwa. Mwaka 2023 jimbo hilo likapitisha sheria kwamba mwajiri wa ghala amwambie mfanyakazi kwa maandishi hesabu anayotakiwa kufikisha, na kwamba hesabu isimnyime mtu mapumziko wala choo. Waislamu walisimama kwenye theluji kwa ajili ya sala na kwa ajili ya mwenzao anayehitaji choo. Mimi niliyeokoka, kwenye jimbo lingine na kampuni nyingine, nilikuwa na kalamu mkononi na joto la kutosha.

Mwalimu nilimtafuta. Ilinichukua miaka minne kupata ujasiri. Akapokea simu, akanijua kwa sauti, akauliza kama nimeoa. Nilipoanza kusema kilichonifanya nipige, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Niliiona hiyo kalamu ikisimama kidogo kabla hujaandika." Hakuongeza kitu. Sijui mpaka leo kama huo ulikuwa msamaha.

Kwa hivyo leo sitaita wagonjwa mbele, wala wanaotafuta kazi. Hao tutawaombea Jumatano. Leo nawaita wanyapara. Wewe unayepima kilo za majani chai. Wewe wa shamba la maua unayehesabu mashina. Wewe mwenye boda tatu unaowadai vijana hesabu ya siku hata mvua ikinyesha. Mama, wewe uliye na msichana wa kazi nyumbani na unajua analala saa ngapi. Kwaya msiimbe. Njooni polepole, na kila mmoja aje na jina la mtu mmoja, alitamke kwa sauti.