MSAFIRI ASIYEJULIKANA

Mwaka 1896 Mngazija mmoja aitwaye Selim bin Abakari alifuatana na bwana wake, Mjerumani Dokta Bumiller, mpaka Urusi na Siberia. Walikwenda kwa meli, kwa gari la moshi na kwa farasi, wakafika milima ya Altai, kisha nchi za Samarkand. Habari hizo alizieleza mwenyewe kwa Kiswahili, na Carl Velten akazipiga chapa mwaka 1901 katika kitabu Safari za Wasuaheli.

Sisi wa Muheza farasi hatumjui sana, maana mbung'o ni adui yake, tumezoea punda. Lakini hebu fikiri safari ile: siku baada ya siku nyuma ya farasi au juu ya mgongo wake, baridi kali, misitu isiyokwisha. Watu wasiopata kumwona mtu mweusi wanamkodolea macho, wala hapana hata mmoja amjuaye ni mtoto wa nani. Kuonekana alionekana kuliko wote. Kujulikana hakujulikana kabisa.

Imesimuliwa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alimwuliza mtu aliyetaka kumtolea mwenzake ushahidi wa wema: je, umesafiri naye? Aliposema hapana, akamwambia basi humjui. Nasi watoto wetu wako Dar es Salaam, Maskati na Ulaya. Twauliza kama wamepata kazi. Hatuulizi wamekuwa watu gani pale pasipo na mjomba wala jirani wa kuwaonea haya.

Wako watakaosema kuwa haya mbele za watu nayo ni kheri. Ni kweli, wala siidharau. Ndiyo iliyotulea sote. Ila swali langu ni hili: adabu ile ni ya mtu mwenyewe, au ni ya mtaa wake?

Anas bin Malik (R.A.) amepokea kwamba Masahaba walipofika kituoni hawakuanza sala za sunna mpaka wamewafungulia wanyama wao mizigo. Tazama jambo hili! Mnyama hana ulimi wa kushitaki. Msafiri amechoka, ni usiku, haonwi na mtu, na kusali ni jambo jema la kukimbilia. Na bado mgongo wa mnyama ukatangulia.

Hadithi hiyo nimeisomesha miaka mingi, na kila mara hunichoma. Mwaka 1978, nikiwa kijana, niliazima punda wa mzee jirani yetu kuteremsha machungwa kutoka upande wa Magoroto. Njiani nililala chini ya mwembe, punda nimemwacha juani na shogi zake zimejaa. Nilipoamka kamba ilikuwa imemchuna mgongo, damu yatoka. Sikumpa hata maji. Nilimrudisha gizani, nikamfunga upande wa ukuta kidonda kisionekane, nikakimbilia msikitini nikapata safu ya kwanza.

Asubuhi nilimwamkia mzee shikamoo. Akaniuliza, "Mwanangu, punda kakufaa?" Nikajibu, "Kanifaa sana, babu." Akaniombea dua.

Mzee amekwisha fariki. Nimewaendea wanawe nikawaeleza, wakacheka, wakanisamehe haki ya baba yao. Haki ya punda walisema hawawezi kunisamehe, kwa kuwa si yao.