Uzito Haupotei

Watu waliotazama tanuri la chokaa likiwaka katika fukwe za Mtwara waliona jambo ambalo macho hulisadiki upesi, yaani moto kula jiwe. Matumbawe yaliyotolewa baharini yalipangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa mpaka yakawa meupe na mepesi, na sehemu kubwa ya uzito wake haikuonekana tena. Husemwa kwamba uzito huo umepotea. Neno hilo nataka tulipime, kwa sababu latumika katika kemia na katika maadili, na maana zake mbili hazilingani.

Kemia imekwisha kutoa hukumu yake. Joseph Black, tabibu wa Uskoti, alichapisha mwaka 1756 habari za majaribio yake juu ya chokaa, akaonyesha kwa mizani kwamba kilichotoka katika jiwe lililochomwa ni hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Lavoisier wa Ufaransa akaieneza hoja hiyo kwa vitu vyote katika kitabu chake cha mwaka 1789: jumla ya uzito kabla ya badiliko la kikemia ni sawa na jumla baada yake. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa hutoa kilo 56 za chokaa na kilo 44 za hewa ya ukaa. Tena hesabu hiyo haijui nchi. Proust, Mfaransa aliyefanya kazi Hispania, alishindana na Berthollet kwa miaka kadhaa akishikilia kwamba kampaundi moja huwa na elementi zake kwa uwiano mmoja popote itokapo, na ushindi ukawa wake. Tumbawe la Msimbati na marumaru ya Italia, vikisafishwa, hutoa jibu lile lile. Dalton alieleza sababu mwaka 1808: atomu huungana kwa hesabu kamili, bila vipande. Ndiyo maana sehemu 12 za kaboni huchukua sehemu 16 za oksijeni na kuwa hewa iuayo watu waliolala na jiko la makaa chumbani, au huchukua 32, mara mbili barabara, na kuwa hewa tuitoayo puani.

Sasa tuifuate chokaa mpaka ukutani. Kilo zetu 56 huzimwa kwa kilo 18 za maji, zikachemka na kuwa 74. Huchanganywa na mchanga, hupakwa, na kwa miezi na miaka ukuta huvuta hewa ya ukaa na kuyaachia maji. Zinaingia 44, zinatoka 18, nazo 74 zinakuwa 100. Kuta za kale za Mikindani, kwa hiyo, zimerudia kuwa jiwe lile lile lililotoka baharini. Hesabu imefunga.

Hapa ndipo mchoma chokaa awezapo kusimama na kujitetea: mwamba wa bahari haukupotea, uko ukutani, pimeni! Naye atakuwa amesema kweli. Lakini mizani hujibu swali la uzito tu. Tumbawe kubwa la mviringo hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka, likijengwa na wanyama wadogo wasiohesabika. Ndani yake samaki hujificha na kuzaa, na nyuma yake ufuko hupumzika na mawimbi. Hayo yote hayana kilo. Ukuta una kila chembe ya jiwe wala hauna samaki hata mmoja. Basi kitu chaweza kuhifadhiwa chote na kuharibiwa chote kwa wakati mmoja, na mwenye kusema kwamba hakuna kilichopotea ametumia kanuni ya kweli kufunika hasara ya kweli.

Hata hivyo siwezi kumlaumu mchoma chokaa kwa wepesi. Alikuwa na watoto, na nyumba za mji zilitaka chokaa. Mwaka 2000 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na ni haki ilindwe. Lakini sisi tunaomhukumu twakaa katika nyumba za saruji. Kiwanda kikubwa cha saruji kilifunguliwa Mtwara mwaka 2015. Jiwe lake huchimbwa nchi kavu, lakini likiingia motoni hutoa zile zile 44 kwa kila 100, nayo saruji hairudishi ila sehemu yake, tena polepole sana. Zilizobaki ziko angani pamoja na za viwanda vya dunia nzima, zikizuia joto lisitoke. Mwaka 1998 bahari ya Afrika Mashariki ilipata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakapauka na mengi yakafa, hata yale ambayo hayakuguswa na mtarimbo wa mchoma chokaa. Joto la mwaka ule lilichochewa na El Niño. Lakini kadiri hewa ya ukaa inavyozidi angani, ndivyo bahari inavyozidi kulikaribia joto kama lile. Mchoma chokaa alijua mwamba alioubomoa, na jirani zake walijua jina lake. Sisi hatujui 44 zetu zimefikia mwamba gani, wala hapana mvuvi wa Msimbati awezaye kuja mlangoni petu kudai.