Chombo Kirudicho Majini Huvuja

Swali tunalotaka kulitafakari ni hili: mtu aliyekaa mbali na kanisa kwa muda mrefu akirudi, tumtake kwanza athibitishe kwamba amekuwa imara, au tumpokee angali anavuja? Wako walioondoka kwa ugomvi, wako walioondoka kwa aibu, na wako walioondolewa kwa nidhamu. Siku mmoja wao anaposimama tena mlangoni, baadhi yetu husema, "Karibu nyumbani," na wengine husema, "Tumwangalie kwanza." Kila upande una andiko lake.

Katika nchi za baridi, wenye malori ya zamani huyalaza ghalani theluji inapoanza. Majira yakigeuka, mwenye busara haliwashi lori lake kwa pupa. Hukagua betri, hubadili mafuta yaliyochakaa, hutazama breki na mipira iliyokauka, ndipo huiacha injini ingurume polepole kabla ya kutoka barabarani. Hapa Ndagoni hatuna theluji. Tuna masika na kusi, na lori letu la zamani ni chombo cha mbao.

Kusi linapokaza na safari kupungua, mwenye mashua hungoja bamvua, maji yajae, chombo kivutwe pwani. Siku hiyo hakuna anayeuliza dini ya mwenzake. Mwislamu na Mkristo hushika kamba moja. Chombo huegemezwa juu ya magogo na kufunikwa makuti ili jua lisipasue mbao. Kisha fundi hukwangua tumbo lake, hutoa pamba iliyooza kwenye maungio, hukalafati kwa pamba mpya iliyotiwa mafuta, na mwisho hupaka deheni ya shahamu na chokaa.

Baada ya kazi yote hiyo, chombo kikirudishwa majini huvuja.

Mgeni akiona maji yamejaa ngamani atasema fundi ni mwongo. Mwenye chombo hasemi hivyo. Anajua kwamba mbao zilizokaa juani zimesinyaa, na kwamba hakuna nyundo inayoweza kuzirudishia unene wake. Basi hutia nanga karibu na ufuko, huchukua kopo na kuanza kufua maji. Mbao hunywa, huvimba, na hatimaye hubanana. Maji yale yale yaliyokuwa yakiingia ndiyo yanayoziba njia yake. Na lau mwenye chombo angesema, "Hakitagusa bahari mpaka kiache kuvuja," chombo kingebaki juu ya magogo hadi kioze, kwa maana mchangani hakuna kinachoweza kuzivimbisha mbao zile.

Nasi tunaamini ndivyo ilivyo kwa mtu. Uaminifu hauwezi kukomaa nje ya mahali pa kuaminiana. Mtu hajifunzi tena kusali pamoja na wenzake kwa kukaa peke yake nyumbani, wala hajifunzi kusamehe pasipo watu wa kuwasamehe. Tukimtaka awe mkamilifu kwanza ndipo aingie, tunamdai kitu ambacho kinapatikana ndani tu.

Mitume nao waligawanyika juu ya jambo hili. Katika Matendo ya Mitume sura ya 15 tunasoma habari za Yohana Marko, aliyewaacha wenzake kule Pamfilia. Paulo alikataa kumchukua tena safarini. Barnaba alimtaka. Wakashindana hata wakatengana, na Barnaba akampakia Marko chomboni wakaenda Kipro. Alimrudisha majini. Miaka ikapita, na katika waraka wa pili kwa Timotheo tunamkuta Paulo yule yule akiomba Marko aletwe kwake, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Hatuwezi kujua Marko angekuwa nani kama Barnaba naye angesema tumngoje. Tunachojua ni kwamba kulikuwa na mtu aliyekubali kufua maji.

Lakini Paulo naye hakuwa na hoja ya bure, na upendo usio na macho huzamisha watu. Hakuna nahodha anayepakia nazi na abiria siku chombo kinapoguswa na maji kwa mara ya kwanza. Aliyewahi kutumia vibaya fedha za kanisa akirudi, tumpe kiti, tumpe kitabu cha nyimbo, tumtembelee. Ufunguo wa sanduku la sadaka ungoje. Na aliyewahi kumdhuru mtoto asikabidhiwe watoto, hata akilia machozi ya kweli. Huko si kumnyima msamaha, ni kuwalinda abiria. Tena fundi hutofautisha uvujaji wa maungio na ubao uliooza. Maungio huzibwa na maji na subira. Ubao uliooza hautaponywa na bahari. Lazima ung'olewe, na kung'oa kunauma. Ndiyo sababu toba haiwezi kuachwa, na waliodhulumiwa lazima wasikilizwe kabla ya shangwe.

Liko kosa jingine, na historia ya bahari yetu inatuonyesha mfano wake. Ng'ambo ya Mafia iko delta ya Rufiji, ambako meli ya kivita ya Ujerumani, Königsberg, ilijificha mwaka 1914 ikiwa na mitambo mibovu. Sehemu za mitambo yake zilikokotwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa. Lakini Waingereza walikuwa wameigundua. Walilinda milango ya mto, na mwezi Novemba 1914 wakazamisha meli ya mizigo, Newbridge, ili kuziba njia. Königsberg haikutoka tena. Iliangamizia humo humo tarehe 11 Julai 1915, huku ndege kutoka Mafia zikiongoza mizinga. Hatumfananishi mtu na meli ya vita, wala hatuchukui upande katika vita ile. Tunatazama jambo moja tu: mitambo ilipona, mlango ukafungwa.

Katika vita adui hufanya hivyo kwa makusudi. Katika kanisa hufanywa kwa mnong'ono. Mtu ametubu, amelipa alichodaiwa, ameungama mbele ya wazee, na bado kila akitaka kutoka anakuta habari yake ya zamani imezamishwa mlangoni. Hapo haitoshi kusema kwamba hatukumfukuza. Anayeziba mlango wa mto hana haja ya kumfukuza mtu.

Basi wajibu wetu una sehemu tatu. Walio pwani bado, yaani wagonjwa na walionyamaza, tuwafunike makuti: tuwapigie hodi kabla hawajapasuka. Wanaorudi tuwapokee kwenye kina kifupi, bila mzigo mkubwa na bila dharau. Na maji yakiingia siku za kwanza, yaani akikosa ibada mbili, akijibu kwa ukali, akirudia neno la zamani, tusikimbilie kusema, "Tulijua." Tuulize kwanza kama ni ubao uliooza au ni maungio yanayongoja kuvimba. Kisha mmoja wetu achukue kopo.