Mashahidi wa Nyumba Moja

Mwanangu, nimefurahi kusikia kwamba programu yako ya kufuata uso wa mtu kwenye video sasa inategemea rangi, mwendo na umbo. Kabla hujaongeza dalili ya nne, keti kidogo.

Nami nilianza hivyo. Nilichukua rangi ya ngozi, nikaongeza vivuli, kisha kingo za picha, nikaamini nina mashahidi watatu. Wingu likafunika jua, wote wakanipotea kwa pamoja. Walitoka nyumba moja: kila mmoja alisimulia mwanga wa pikseli zile zile. Tangu hapo dalili mpya siiulizi inajua nini, naiuliza inaharibiwa na nini. Rangi huharibiwa na taa ya manjano. Mwendo hupotea mtu akitulia. Umbo hubadilika akigeuza kichwa. Basi hizo zako tatu umezichagua vizuri, kwa sababu hazifi siku moja.

Ila usizipe uzito wa kudumu. Mwaka 2002 Marc Ernst na Martin Banks walipima jinsi watu wanavyokadiria kimo cha tuta dogo kwa jicho na kwa mkono. Kadiri picha ilivyochafuliwa, ndivyo watu walivyouegemea mkono zaidi. Mwili wako unafanya hivyo kila siku bila kuagizwa. Programu lazima uifundishe.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Jochen Triesch na Christoph von der Malsburg walieleza njia ya kuziachia dalili zipige kura: inayokubaliana na wenzake hupanda, inayopingana nao hushuka. Ni kazi nzuri, isome yote. Lakini iogope pia. Wengi wakikosea pamoja, watamshusha yule mmoja msema kweli, na baada ya fremu chache hasikiki tena. Nimeona programu ikiufuata ukuta uliopakwa rangi ya udongo, nayo ikizidi kujiamini, huku mwenye uso ameshatoka chumbani. Kwa hiyo dalili yoyote isishuke hadi sifuri. Na zikigombana, usifiche ugomvi ndani ya wastani. Programu iseme haina hakika, hasa ikiwa siku moja itaamua gari lifunge breki au lipite.

Leo usiku rekodi video mpya, uzime taa katikati. Andika dalili ipi ilikufa kwanza, na ipi ilichelewa kurudi. Uniletee daftari kesho baada ya alasiri.