Njaa haionekani kwenye darubini

Nimezunguka sana Nachingwea na Ruangwa kikazi, na kila nikisikia Ruponda ikitajwa, huwa nawaza nyambizi. Cheka tu. Bahari yenyewe iko mbali, huko Lindi.

Februari 1917 Ujerumani ilianza kuzamisha bila onyo meli yoyote iliyokaribia Uingereza. Dunia ilipiga kelele, na ilikuwa na haki. Kwa sheria ya zamani, meli ya biashara husimamishwa, hukaguliwa, na mabaharia wake huwekwa salama kwanza. Tayari mwaka 1915 Lusitania ilikuwa imezamishwa na watu karibu 1,200 wakafa.

Ila Uingereza nayo ilikuwa imeizingira Ujerumani kwa manowari, na tangu Machi 1915 ikauzingira mwambao wetu pia. Machi 1916 meli moja, Marie, ilipenya ikashusha mizinga na risasi Sudi, vikapelekwa bara na wapagazi. Chakula je? Jeshi la von Lettow-Vorbeck lilikitafuta huku huku. Oktoba 1917 Waingereza walipoiteka Ruponda, walikuta akiba yake. Akiba hiyo haikuletwa na meli. Ilitoka kwenye mashamba na vihenge vya watu.

Sasa, nani hasa alizingirwa?

Utaniambia aliyekomba kihenge ni askari mwenye bunduki, si manowari iliyoko baharini. Kweli, mkono ni wake. Lakini mzingiro hufanya kazi kwa njaa, na kila mtu anajua mwenye bunduki hula wa kwanza. Ukiziba mlango wa nyumba ukijua mbabe yumo ndani pamoja na watoto, huwezi kudai hukujua nani atalala njaa.

Sisemi nyambizi ilikuwa na huruma zaidi. Nahodha wake aliiona meli kwenye darubini, akafyatua, na tukamwita muuaji. Sawa. Mwenzake wa manowari hakumwona mama wa Ruponda akikung'uta kihenge kitupu, na historia ikamwita mlinzi wa sheria. Tofauti yao, naona, ni umbali tu.

Methali inatuambia wapiganapo tembo, nyasi huumia. Haijatuambia kwamba tembo hao hao, vita vikiendelea, huzila hizo nyasi.