Moshi wa angani na amana ya kusema "huenda"

KUNA hoja moja ambayo nimeisikia mara nyingi katika mihadhara yetu, na kuisoma katika vipeperushi vinavyogawiwa nje ya misikiti baada ya swala ya Ijumaa. Hoja hiyo inasema kuwa wanafalaki wa nchi za Magharibi wamegundua mawingu makubwa ya gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa, na kwamba mawingu hayo ndiyo ule moshi unaotajwa katika Sura Fussilat, aya ya 11. Kwa hiyo, tunaambiwa, sayansi imeithibitisha Qur'an na asiyeamini hana tena udhuru.

Sina ugomvi na aya, bali na hilo neno "imethibitisha". Swali ninalotaka tujiulize ni hili: Je, ni haki kwa Muislamu kuitumia elimu asiyoichunguza kuwa shahidi wa dini yake, kwa sababu tu ushahidi huo unamfurahisha?

Ili kulijibu swali hili hatuna budi kwanza kuyajua mawingu yenyewe. Kwa macho, na hata kwa darubini za kawaida, mengi huonekana kama madoa meusi angani, kwani vumbi lililomo huzuia mwanga wa nyota zilizo nyuma yake. Kilichofungua mlango ni mawimbi ya redio, ambayo hupenya vumbi hilo. Mwaka 1963 watafiti walinasa kwa redio alama ya molekyuli ya kwanza baina ya nyota, iliyoundwa na oksijeni na haidrojeni. Mwaka 1968 Charles Townes na wenzake wakapata amonia. Kisha mwaka 1970 Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias, wakitumia darubini ya redio yenye upana wa mita 11 katika mlima wa Kitt Peak, Arizona, wakanasa kaboni monoksidi katika wingu la Orion, lile kundi la nyota ambalo Waarabu waliliita al-Jauza.

Kaboni monoksidi ni gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Huko angani ndiyo inayotupa habari. Sehemu kubwa kabisa ya wingu ni haidrojeni, lakini ndani ya wingu kuna baridi ya kiasi cha nyuzi 263 chini ya sifuri, na katika baridi hiyo haidrojeni iko kimya. Kaboni monoksidi haikai kimya. Kila molekyuli yake inapopunguza mzunguko hutoa wimbi la milimita 2.6, na wimbi hilo likifika hapa limebanwa au limenyooshwa kidogo, mtafiti hujua kama gesi inatujia au inatukimbia, na kwa kasi gani.

Sasa zingatia jambo hili. Katika wingu, molekyuli moja ya kaboni monoksidi inakadiriwa kuwepo kwa kila molekyuli 10,000 hivi za haidrojeni. Kwa hiyo anayelipima wingu ni kama mtu anayekisia wingi wa watu uwanjani gizani kwa kuhesabu walioshika tochi, akijua kwamba ni mmoja tu katika watu elfu kumi mwenye tochi, na kwamba uwiano huo unaweza kubadilika kutoka uwanja huu hadi ule. Ni makisio ya watu makini, yenye hoja na vipimo. Lakini ni makisio, na wenyewe wanayaita hivyo.

Sisi tuna msamiati wa jambo hili tangu zamani. Wanazuoni wetu walitofautisha yakini na dhana, na wana-hadithi wakazipanga riwaya katika daraja: sahihi, hasan na dhaifu. Mtu akileta riwaya dhaifu akaisoma kama sahihi, hata kama maneno yake ni mazuri, aliitwa mwenye kosa. Iweje basi habari ya mwanafalaki, ambayo mwenyewe ameiwekea "huenda", ikifika kwenye kipaza sauti chetu iwe imeshavuliwa hiyo "huenda" na kuvishwa joho la yakini?

Turudi kwenye madai ya moshi. Hapana shaka mfanano upo. Katika vumbi la mawingu haya kuna chembe za kaboni zinazofanana na masizi. Lakini kaboni na oksijeni hazikuwepo ulimwengu ulipoanza. Kwa mujibu wa elimu hiyo hiyo tunayoishangilia, mwanzoni kulikuwa na haidrojeni, heliamu na chembe kidogo za lithiamu. Kaboni na oksijeni zilipikwa baadaye ndani ya matumbo ya nyota, kisha zikatawanywa nyota hizo zilipokufa. Maana yake ni kuwa wingu lenye kaboni monoksidi lilitanguliwa na vizazi vya nyota. Anayesema kuwa wingu la Orion ndilo moshi wa mwanzo, kabla mbingu hazijatengenezwa, ni sawa na mtu aliyeokota majivu ya jiko la jana akadai ameuona moto wa kwanza kuwashwa duniani.

Mtetezi atasema: "Basi moshi ni ile gesi ya mwanzo kabisa." Inawezekana. Lakini gesi ile haikuwa na vumbi wala masizi, kwa hiyo ule mfanano uliotuvutia tangu mwanzo unakuwa umeondoka. Na tukumbuke kuwa Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 1373, aliufasiri moshi huo kuwa ni mvuke wa maji. Naye alikuwa anaisoma aya hii hii.

Tukija kwenye nyota nzito, zile zenye uzito wa Jua mara nane na zaidi, somo linazidi kuwa zito. Nyota ya aina ya Jua inaeleweka kwa kiasi kizuri: sehemu ya wingu huporomoka kwa uzito wake, hujizungusha ikawa sahani, na katikati nyota hukua. Nyota nzito huwaka ikiwa bado inakula. Mwanga wake mkali husukuma vumbi nje, na vumbi huondoka na gesi. Mwaka 1974 Franz Kahn alipiga hesabu na kuona kuwa, kwa njia hiyo, nyota isingeweza kuvuka uzito wa kama Jua 40. Lakini zipo zinazozidi 100. Zimepitaje?

Wapo wanaosema kila nyota nzito hutokana na bonge lake kubwa la gesi. Wapo wanaosema nyota nyingi huzaliwa pamoja na kugombea gesi moja, na zile zilizokaa katikati ndizo hunenepa. Hata kugongana kwa nyota kuliwahi kupendekezwa. Darubini ya ALMA nchini Chile, yenye antena 66 juu ya jangwa kwenye kimo cha mita 5,000 hivi, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2013, imeonyesha sahani za gesi zikizunguka baadhi ya nyota changa nzito, jambo linalosaidia kueleza jinsi gesi inavyopenya licha ya mwanga. Lakini mabonge makubwa ya baridi ambayo hayajazaa kitu, yanayotarajiwa na kundi la kwanza, yameonekana kuwa adimu. Mjadala haujafungwa.

Na wakikosea, husahihishana hadharani. Mwaka 1981 baadhi yao walidai kuwa kitu kiitwacho R136a, katika galaksi jirani, ni nyota moja yenye uzito wa Jua mara 2,500. Mwaka 1985 ikabainika kuwa ni kundi la nyota. Mwaka 2010 kubwa yao ilikadiriwa kuwa na uzito wa Jua 265. Mwaka 2022 picha bora zaidi ziliishusha hadi kiasi cha 200. Hebu fikiria mhadhiri aliyeitundika aya kwenye ile namba ya 1981. Mwaka 1985 angeshusha nini, namba au aya?

Hapo ndipo penye hatari. Kijana wetu akienda Chuo Kikuu kusoma fizikia, akakuta kuwa jambo aliloambiwa msikitini kuwa limethibitishwa bado linabishaniwa, atajiuliza ni mangapi mengine aliyoambiwa kwa namna hiyo. Tutakuwa tumemvunjia imani kwa nyundo tuliyomkabidhi sisi wenyewe.

Najua nitaambiwa kuwa Qur'an imetuamrisha kutazama mbingu. Ndiyo, na kutazama ni kazi. Abd al-Rahman al-Sufi, katika karne ya 10, hakutosheka na orodha ya nyota ya Ptolemy. Alitoka usiku akazikagua, akasahihisha, na akaandika habari ya kijiwingu ambacho leo kinajulikana kuwa ni galaksi ya Andromeda. Hakudai zaidi ya alichokiona, ndiyo maana maandishi yake yanaheshimika hadi leo. Ibn al-Haytham naye aliandika kitabu kizima cha shaka dhidi ya Ptolemy. Hao ndio waliotazama. Sisi tunasubiri wengine watazame, walale kwenye baridi ya milimani, wabishane miaka hamsini, kisha tuje kusema tulikuwa tunajua.

Simaanishi kuwa mhubiri asizitaje nyota. Azitaje, zimwongezee unyenyekevu yeye na wanaomsikiliza. Oksijeni tunayovuta sehemu yake kubwa ilipikwa katika nyota nzito zilizokufa kabla Jua halijakuwepo. Hilo peke yake linatosha kumnyamazisha mtu kwa muda. Ila aseme lipi limethibiti, lipi ni dhana yenye nguvu na lipi linabishaniwa. Na fedha tunazochapishia vipeperushi vya "sayansi imethibitisha", sehemu yake iende kununua vifaa vya maabara katika shule zetu, ili siku moja binti yetu awe miongoni mwa wanaobishana kuhusu nyota hizo akiwa na vipimo mkononi.

Wazee wetu walipomaliza kufasiri waliandika Wallahu a'lam. Hawakuliandika kwa mazoea. Lilikuwa ndiyo mpaka wa amana yao, na sisi tunaupita kila Ijumaa.

Wallahu a'lam.