Je, Aliyelala Ana Udhuru Daima?



Likizo ya Desemba nikiwa nyumbani Bulumbi, Alfajiri ilinipita siku nne mfululizo. Kila asubuhi nyanya aligonga mlango. Siku ya nne akauliza kwa upole, "Mjukuu wangu, huko chuoni unasomea nini?" Nikajitetea kwa Hadithi: kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, mmoja wao aliyelala mpaka aamke.

Hadithi ni sahihi. Mwenye kasoro ni aliyeitumia. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta; toka Isha hadi Alfajiri ni muda wa saa tisa hivi, iwe Juni au Desemba. Mwanafunzi aliyeko London mwezi wa Juni anaweza kulalamikia ufupi wa usiku, mimi siwezi. Usiku wangu niliumaliza kwa simu, nikijua fika kitakachofuata. Kulala nimesamehewa, je, na kule kukesha? Abdullah bin Amr alikesha kwa ibada, na bado Mtume (s.a.w.) alimkumbusha kuwa mwili wake na macho yake vina haki juu yake. Video zangu nitazitetea kwa lipi?

(Simsemi anayejilaza mapema na usingizi ukamkataa. Huyo ana udhuru, na amwone daktari.)

Tangu siku ile simu ililala chumbani kwa nyanya. Mchana nilipata kailula fupi tu, kisha shambani. Usiku wa kwanza niligaagaa hadi saa saba. Wa tatu, nilikuwa natawadha niliposikia nyayo zake zikija mlangoni.